Daftari la Makosa la Maman Destin

Kwenye avenue yetu hapa Nyalukemba, Bukavu, hakuna anayemwita Godelive. Jina hilo liko kwenye kitambulisho na kwenye kitabu cha ubatizo parokiani, basi. Sisi sote tunamwita Maman Destin, kwa sababu ana Destin, na kwetu mwanamke hupoteza jina lake siku mtoto anapopata la kwake. Mimi naitwa Mwalimu. Nilifundisha Kifaransa miaka thelathini na moja na sina mtoto wa kunipa jina lingine. Silalamiki. Nasema tu mapema, maana bila hilo mambo ya viza hamtayaelewa.

Maman Destin ni fundi wa nguo. Alishonea watu Nyawera, hatua chache kutoka sokoni, mpaka magoti yake yalipokataa kukanyaga cherehani. Magoti yalistaafu, macho hayakustaafu. Kanisani Padri akiinua hostia, watu wameinamisha vichwa, yeye anaangalia upindo wa kanzu ya Padri. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo ni dhambi. Akanijibu kwamba dhambi ni kushona vile.

Mume wake, marehemu Xavier, alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, kiti cha mkono, na televisheni kubwa nyuma kuliko mbele. Kila siku saa kumi na moja jioni, umeme ukiwepo, chaneli moja ya hapa mjini huonyesha Komiseri Vautrel. Ni filamu za zamani za upelelezi kutoka Bulaya, sehemu arobaini, na zikiisha zinaanza upya. Komiseri ni mtu mnene mwenye koti la kijivu. Anakunywa kahawa, anauliza maswali mawili, anakwenda kutazama mto, halafu anajua nani aliua. Mimi sikuona utamu wake. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya chai na kwa ajili ya kusikia sauti ya mtu mwingine kabla ya giza, na nadhani yeye aliniwekea kikombe kwa sababu hiyohiyo.

Kwake filamu ilikuwa koti. Komiseri anaingia mlangoni na vifungo vitatu. Anaketi, viko viwili. Anasimama, vimerudi vitatu. Mfuko wa kulia umechanika mbele ya ngazi, na juu ya ngazi umeshonwa, tena kwa uzi wa rangi nyingine. Mtu aliyechomwa kisu katika sehemu ya tatu anauza mkate katika sehemu ya tisa, amefuga ndevu tu. Haya yote aliyaandika. Alichukua daftari lake la vipimo vya wateja, akaligeuza, akaanza upande wa nyuma, kwa hiyo ukilifungua mbele unakuta kiuno cha mke wa mkuu wa posta, na ukilifungua nyuma unakuta makosa ya Komiseri. Yalifika mia mbili na kumi na mawili.

Na msifikiri aliandika ovyo. Ukurasa aliugawa safu mbili. Ya kwanza ilikuwa "Makosa ya filamu". Ya pili ilikuwa "Makosa ya hapa", maana chaneli yetu nayo ina yake. Sehemu wanaziweka bila mpangilio, karani wa Komiseri anazikwa Jumanne na Alhamisi analeta kahawa. Tena umeme unakatika muuaji anapofungua mdomo, na unarudi watu wamekwisha kupeana mikono. Maman Destin alikuwa mtu wa haki. Hakutaka Wazungu wabebe makosa ya umeme wetu.

Lakini kosa namba moja, lile lililomfanya aanze daftari, halikuwa la nguo. Lazima nimtaje Tonton Grégoire hapa. Zamani chaneli ilimlipa mzee mmoja wa kule Walungu aliyeitwa hivyo atie sauti ya Kiswahili juu ya Kifaransa. Aliwasemea wote: Komiseri, wauaji, wajane, watoto, kwa sauti ileile moja yenye kikohozi. Ameshakufa, na kikohozi chake bado kinasikika kila jioni. Basi, katika sehemu ya nne kijana mmoja anamtembelea Komiseri kazini, na Komiseri anamweka mkono begani na kusema kwa sauti ya Tonton Grégoire: "Huyu ni mutoto yangu." Kijana anamwita papa. Wanakula pamoja. Katika sehemu ya thelathini na moja, mjane mmoja anamuuliza Komiseri kama ana watoto, naye anajibu: "Miye sikuzalaka mutoto."

Hilo Maman Destin hakulisamehe. Vifungo alivicheka, hili hapana. Kila mzunguko likifika aliweka kikombe chini.

"Bamemusahau ule mutoto," alisema. "Mutu anamusahau mutoto yake namna gani?"

Nilimjibu kwamba walioandika ni watu wengi, huyu hajui yule aliandika nini. Alisema fundi mmoja akikata na mwingine akishona, bado suruali inakuwa na miguu miwili. Nilijua anamfikiria nani.

Destin hakumzaa yeye. Alizaliwa na mdogo wake Rosette, kule Bunyakiri, na Rosette alikufa mtoto akiwa bado hajatembea vizuri. Baba alikwenda machimboni, habari zake zikaishia huko. Maman Destin na Xavier, ambao hawakujaliwa kupata mtoto wao, walipanda lori la kubeba mbao wakamchukua. Sisi husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yeye kazi hiyo aliifanya kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu hata hakukuwa na la kueleza: dada mkubwa wa mama ni mama mukubwa, na mama mukubwa ni mama. Destin alimwita maman tangu neno lake la kwanza. Nilimfundisha Kifaransa mimi mwenyewe, alikuwa mzembe wa maandishi lakini ana ulimi mwepesi. Leo amekaa Bulaya miaka kumi na miwili, ameoa huko, na mwaka juzi alipata binti, wakamwita Carmel. Alipiga simu kwamba ubatizo utangoja mpaka maman afike, hata kama itachukua mwaka.

Maman Destin alishona gauni la ubatizo kwa mkono, jeupe, vifungo sita vidogo mgongoni. Alivihesabu mara nyingi mbele yangu.

Destin alijaza fomu ya viza kulekule na kuituma kwenye simu yangu, kwa sababu Maman Destin hana simu yake. Nilivaa miwani nikamsomea nikiigeuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi. Nikafika palipoandikwa uhusiano kati ya anayealika na anayealikwa. Destin alikuwa ameandika *tante*, neno ambalo kwao ni dada wa mama au wa baba. Nami nikasoma: "Mama mukubwa."

Sikusema uongo. Mpaka leo mkiniomba neno lingine la kutafsiri *tante* kwa dada mkubwa wa mama, sitalipata. Lakini nilijua, mimi mwalimu wa Kifaransa, kwamba katika neno lao hamna mama ndani, na katika letu yumo. Sikulisema. Aliniambia tu, "Njo vile," yaani ndivyo, akatia saini palepale.

Alikwenda kuhojiwa ubalozini ng'ambo ya mto Ruzizi, safari ya siku nzima, na akarudi amefurahi. Walimuuliza maswali machache kupitia mkalimani, akasema, vijana wenye adabu. Walimuuliza ana watoto wangapi. Alijibu, mumoja, Destin, iko Bulaya.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema kwamba maelezo ya mwombaji yanapingana: kwenye fomu anayemwalika si mtoto wake, mbele ya ofisa ni mtoto wake, na kwa hiyo ofisi haina hakika na nia ya safari, na viza imekataliwa. Komiseri mwenyewe asingeandika vizuri zaidi. Walikuwa wamemkuta na kosa la namna ileile aliyoikusanya miaka yote, na hawakumuuliza hata swali la pili.

Jioni hiyo Destin alipiga, na kwa kuwa simu ilikuwa yangu niliyasikia yote. Hakupaza sauti, alikuwa amechoka.

"Maman, ku karatasi uko tante. Cheti ya kuzaliwa inaandika maman Rosette. Ningeandika mère, mama, bangesema ni uongo."

"Tante ya nani?" aliuliza. Kisha akanirudishia simu ikiwa bado inaongea.

Aliniangalia. Nilikiri kwamba neno lilikuwa hilo na kwamba mimi ndiye niliyeligeuza. Afadhali angenitukana. Alisema chai imepoa, nami nikaelewa kwamba niende kwangu.

Kwa karibu miezi miwili Destin alipiga, nami nilipeleka simu mpaka mlangoni kwake, akasema analala. Saa nane mchana, analala. Televisheni niliisikia kupitia ukuta, kikohozi cha Tonton Grégoire, na nikanywa chai yangu peke yangu nikijiambia kwamba ni mtu mgumu, kwamba neno moja la fomu halifuti miaka. Lakini nilijua alichokuwa anafikiri, maana alikisema zamani kuhusu Komiseri. Alifikiri wamemsahau. Alifikiri kule Bulaya, ambako kila neno lina uzito wake kwenye karatasi, Destin amekuwa mtu aliyekuwa na mama wakati wa utoto na sasa ana shangazi fulani mzee Bukavu. Nilimkumbuka sana. Nyumba yangu haina televisheni wala mtu wa kugombana naye.

Aliyenirudisha ni Komiseri. Jumatatu moja Maman Destin aligonga mlango wangu, amefunga kitenge juu ya nguo ya nyumbani, jambo ambalo halifanyi. Chaneli ilikuwa imepata nakala mpya, picha safi, na ndani yake Tonton Grégoire hayumo. Ni Kifaransa kitupu.

"Njoo unitafsirie," alisema, akageuka, akatangulia.

Tukakaa, yeye kitini, mimi kwenye kigoda changu. Nilianza vibaya, nilikuwa nachelewa kwa sentensi mbili, akaniambia Tonton Grégoire alikuwa mwepesi zaidi. Siku ya nne, tarehe ileile ya mwezi ambayo Rosette alifariki, kama alivyonikumbusha baadaye, chaneli iliweka sehemu ya nne. Kijana akaingia ofisini. Komiseri akamweka mkono begani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia kwa sauti yake mwenyewe akisema *mon neveu*.

Nikanyamaza. Kijana akajibu *mon oncle*. Hilo nalo sikuligeuza.

"Anasema nini?" aliuliza Maman Destin.

Ningeweza kusema "mutoto yangu", kama mzee wa Walungu. Kwake yeye mtoto wa ndugu ni mtoto, mjadala umefungwa, na alitafsiri kama mtu aliyelelewa vizuri. Lakini nilikuwa nimeshatafsiri vizuri mara moja, na mnajua ilitufikisha wapi. Nikamwambia kwamba kijana ni mtoto wa ndugu yake Komiseri. Kwamba Wazungu wana neno la pekee kwa mtoto huyo, na neno hilo halina mtoto ndani yake. Kwamba Komiseri katika sehemu ya thelathini na moja hakusahau kitu.

Sehemu ikaisha, matangazo ya sabuni yakaanza.

"Basi ule kijana alimupenda tu vile," alisema.

"Walikula pamoja," nikasema. "Uliona."

"Niliona. Ilikuwa samaki." Akachukua kikombe. "Na Destin naye njo anasemaka vile? Tante, na anapenda tu vile?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia mara mbili.

Alichukua daftari. Namba moja ilikuwa kwenye safu ya makosa ya filamu, imepigiwa mistari miwili myekundu. Akaifuta kwa raba, akapeleka kalamu kwenye makosa ya hapa, akasita. Aliniuliza sasa hili ni kosa la nani. La Tonton Grégoire si kosa. La Komiseri si kosa. La Destin, la fomu, la Mwalimu? Nilisema sijui. Basi akachukua rula ya kukatia nguo, akachora safu ya tatu pembeni ya ukurasa, nyembamba, akaiandika humo namba moja. Juu hakuweka kichwa.

Siku iliyofuata alimpigia Destin mwenyewe, kwa simu yangu. Nilitoka uani ili nisisikie, nikasikia. Hakumuuliza chochote kuhusu fomu. Alimuuliza Carmel amekua kiasi gani, ili ajue kama gauni alifumue kwapani.

Wakaomba tena. Na sasa likabaki swali moja, lile la watoto. Sote tulijua watauliza. Nilimpa ujanja wa mwalimu: usiseme huna mtoto, sema hukuzaa, hiyo ni kweli tupu, hata kwa Padri unaweza kuisema. Akafanya mazoezi mezani kwangu, kwa maneno ya Tonton Grégoire, na kikohozi juu yake, tukacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka. Yeye sasa sina hakika.

Aliporudi kutoka ng'ambo nilimsubiri barabarani. Alishuka pikipiki, akamlipa kijana, akapanga kitenge chake, ndipo akaniambia. Alikuwa amejibu kama tulivyopanga, hakuzaa. Lakini mkalimani akaongea na ofisa, kisha akamgeukia tena: basi mama, huna mtoto? Ndiyo au hapana.

"Nikasema sina." Aliangalia upande wa ziwa. "Petro alimukana Bwana mara tatu. Miye mara moja tu, Mwalimu. Iko heri."

Viza ilitoka. Aliondoka Jumamosi na gauni ndani ya mfuko wa plastiki mikononi, hakukubali liingie sandukuni. Aliniachia ufunguo wa nyumba na daftari, na amri: saa kumi na moja niketi kwenye kiti chake, niandike nitakachoona, kwa sababu akirudi baada ya miezi mitatu hataki kukuta mapengo.

Jioni ya kwanza nililifungua kutafuta pa kuanzia. Nikaona ameandika moja kabla ya kuondoka, namba mia mbili na kumi na tatu, kwa mwandiko wake wa chaki na mkasi, katika ile safu nyembamba isiyo na kichwa. "Godelive. Ana mutoto. Hana mutoto." Na tarehe ya kuhojiwa. Alikuwa ameandika Godelive, si Maman Destin. Nilifunga daftari, na umeme ulipokatika nilishukuru.

Jumapili ya pili alipiga. Ubatizo ulikwenda vizuri, akasema, gauni lilitosha, kanisa baridi, watu wachache, kwenye wimbo hakuna aliyepiga makofi. Mkwe wake anamheshimu. Chakula ni laini mno. Nilimuuliza safari ilikuwaje, nikasikia mtoto nyuma yake na Destin akiongea Kifaransa na mtoto.

Akaniambia. Kwenye uwanja wa ndege wa kule askari wa karatasi alimuuliza tena, wewe ni nani kwa anayekupokea? Akajibu neno lililoko kwenye fomu, kwa Kifaransa, kama nilivyomfundisha. Hiyo ilikuwa ya pili. Kisha milango ikafunguka, watu wengi wamesimama na maua na vibao, na Destin akamwona, mtu mzima mwenye mvi pembeni, akapiga kelele mbele ya wote: maman.

"Na miye nikakimbia kumufunga kinywa na mukono," alisema. "Askari alikuwa bado karibu. Nikamwambia, nyamaza, usiniite vile hapa, batasikia. Hakuna mutu aliyeniuliza kitu, Mwalimu. Ile ya tatu niliifanya miye peke yangu."

Nilimuuliza Destin alifanya nini. Akasema alinyamaza, akachukua sanduku, wakatembea mpaka kwenye gari, na kwamba tangu siku hiyo anamwita maman kwa sauti ndogo, anaangalia kwanza kama kuna watu.

"Andika," akasema.

"Niandike wapi?"

"Unajua. Kule kwenye haina kichwa."

Nilisema ndiyo, kwa sababu simu za kule hula dakika na kwa sababu alikuwa mbali. Kisha nikaketi kwenye kiti chake, daftari magotini, kalamu mkononi. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja, kosa likiwa kosa nalijua. Safu nyembamba sikuigusa. Jioni ile Komiseri aliingia na vifungo vitatu, akaketi na viwili, nami nikaandika hilo.